Mbayuwayu wa Kwanza Kaonekana: Je, Ndiyo Kusema Baridi Imekwisha?

Kila mwaka, Machi inapofika katikati, pwani za Bahari ya Kaskazini hutoa habari ile ile. Mtu katoka na mbwa wake ufukweni huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kaona ndege mdogo mwenye mkia wa panda akikata upepo chini chini juu ya mchanga, kampiga picha yenye ukungu, na jioni haijaingia vizuri gazeti la mji limeshaandika kwamba majira ya kuchipua yamefika mapema. Siku mbili baadaye theluji inaanguka. Hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja anasema ndege alikosea tarehe. Mwingine anasema huo ni ushahidi kwamba dunia inachemka. Wa tatu anaapa kwamba picha ni ya mwaka jana.

Wote watatu wamemfanya ndege mmoja kuwa shahidi wa jambo asilolijua. Habari yenyewe mara nyingi ni ya kweli kabisa: ndege alikuwapo, siku ile, pale pale. Kinachovurugika ni maana tunayomtwika. Ukitaka kuielewa habari ya ndege wa mapema kwenye pwani ya kaskazini, inabidi ujue mambo ambayo picha haiyasemi: yule ndege katokea wapi, ni kitu gani kilichomfanya aondoke huko, na ni watu wangapi waliokuwa wakimtafuta.

Tukubaliane maneno

Majira ya kuchipua ni kipindi kati ya baridi kali na kiangazi cha kaskazini, wakati miti iliyobaki mifupa mitupu inapotoa majani tena. Mwanzo wake una tarehe zaidi ya moja. Watabiri wa hali ya hewa huuhesabu kuanzia tarehe 1 Machi, kwa sababu hesabu za miezi mizima ni rahisi kuzilinganisha. Wanaastronomia husubiri hadi karibu na tarehe 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana. Ndege aliyeonekana tarehe 10 Machi ni wa majira ya kuchipua kwa kalenda moja na wa majira ya baridi kwa kalenda nyingine, kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha pasipo kuwa na ugomvi wowote wa kweli.

Ndege mhamaji hatangitangi. Ana makazi mawili, moja la kuzalia na moja la kupitishia miezi migumu, na safari kati ya hayo mawili huirudia kila mwaka. Mbayuwayu anayejenga kiota kwenye zizi la Uingereza hupitisha Desemba na Januari kusini mwa Afrika, umbali wa kilomita zipatazo 10,000. Uzito wake ni gramu 20 hivi.

Neno linaloleta taabu kubwa ni "mapema". Mapema kuliko nini? Kuliko mwaka jana? Kuliko wastani wa miaka thelathini? Kuliko siku mwandishi mwenyewe alipomwona wa kwake? Gazeti likisema "mapema" bila kutaja kipimo, limesema tu kwamba kuna mtu kashangaa.

Pwani ni kituo cha mabasi

Chukua pwani kama kituo kikubwa cha mabasi. Unapita alfajiri, unamwona mtu amesimama na begi. Kwa kumtazama tu huwezi kujua kama ndiyo kwanza ameshuka, anasubiri kuondoka, anabadilisha basi, au ni mtu wa pale pale aliyelala kwenye benchi. Ufuko wa kaskazini mwezi Machi huwa na abiria wa aina zote hizo kwa wakati mmoja, wote wana mabawa, na gazeti huwaita wote "waliowasili".

Waliowasili kweli wapo. Anayetajwa sana ni yule ambaye Waingereza humwita wheatear: dume lake lina mgongo wa kijivu, kitambaa cheusi machoni kama mwizi wa katuni, na makalio meupe yanayowaka anapokupa kisogo na kuruka. (Jina lake la Kiingereza limetokana na hayo makalio, wazee wa zamani hawakuwa na haya.) Hukaa miezi ya baridi katika ukanda wa Afrika ulio kusini mwa Sahara, na wa kwanza hutua kwenye nyasi fupi na matuta ya mchanga ya Uingereza katikati ya Machi au kabla kidogo. Huyu akionekana mwezi huo, ubishi ni mdogo. Katoka mbali.

Wanaoondoka ni wengi zaidi, na hapo ndipo watu huteleza. Makumi ya maelfu ya batabukini wenye miguu ya rangi ya waridi huja kula katika mashamba ya Norfolk wakati wa baridi, wakitokea Iceland na Greenland. Siku zinapoanza kurefuka hupanga safu zao na kushika njia ya kaskazini, Scotland kwanza, kisha Iceland. Anayeona safu hiyo ikipita mwishoni mwa Februari na kupaza sauti kwamba ndege wamekuja, ameona mgongo wa basi linaloondoka. Kwa batabukini hao Norfolk ndiyo kusini, ndiko walikokimbilia kuota jua.

Wapo pia ambao hawakwenda popote. Kuna ndege mdogo wa gramu 8 hivi, rangi ya majani makavu, anayeitwa chiffchaff kwa sababu hiyo ndiyo sauti yake: chif, chaf, chif, chaf, kama mtu anayenoa kisu bila haraka. Wengi wao huhamia maeneo ya Mediterania na Afrika Magharibi, lakini baadhi hubaki kusini mwa Uingereza wakati wote wa baridi. Akiimba siku yenye jua mwezi wa Februari, huenda ni mwenyeji aliyekuwa kimya vichakani tangu Novemba na sasa kaamua kusafisha koo.

Kuna kundi la nne ambalo magazeti hulisahau kabisa, nalo ni wakimbizi wa baridi. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018, hewa kutoka upande wa Siberia iliifunika Uingereza na nchi jirani. Ardhi ya bara ilipoganda, ndege wanaodonoa minyoo hawakuweza kuingiza midomo yao udongoni. Wakakimbilia pwani, kwa sababu bahari huganda kwa shida na matope yanayooshwa na maji kupwa na kujaa hubaki laini. Fuko zikajaa ndege kuliko kawaida, tena Machi. Aliyehesabu vichwa tu angesema majira ya kuchipua yamefika kwa kishindo, kumbe ndege wale walikuwa wanapigania roho zao.

Na wapo waliopitiliza kituo. Hudihudi, yule yule wa kisa cha Nabii Suleiman, huhamia Ulaya kutoka Afrika na kwa kawaida huzaa Hispania, Ufaransa na nchi nyingine zisizo na baridi nyingi. Lakini ukivuma upepo wa kusini Machi au Aprili, wachache husukumwa wakavuka bahari hadi kwenye bustani za watu Uingereza, wakasimama kwenye majani na taji zao kichwani huku wenye nyumba wakitafuta simu zao. Katika kisa, hudihudi alileta habari za nchi ya mbali. Huyu wa bustanini habari yake ni moja tu, kwamba jana upepo ulitoka kusini.

Ndege wa bahari wana mambo yao. Tunapoona ndege wamerudi kwenye majabali ya pwani, akili hukimbilia Afrika, na kwa wengi wa hawa siyo. Puffin, yule mwenye mdomo mnene wa rangi tatu kama aliyejipaka kwa sherehe, hamalizi baridi katika nchi ya joto. Hukaa katikati ya bahari, mbali na nchi kavu, akielea kwenye mawimbi miezi kadhaa bila kukanyaga ardhi. Rangi za mdomo wake hubanduka baada ya kuzaa, na wakati wa baridi huwa na uso wa kijivu ambao wengi wasingemtambua. Anaporudi katika visiwa vya Farne, karibu na Northumberland, mwishoni mwa Machi na Aprili, ametoka upande wa bahari, sehemu ambayo hakuna mtu wa kumtazama. Shakwe wanaoitwa kittiwake hufanya vivyo hivyo, na baadhi yao wamezoea kujenga viota kwenye daraja la mto Tyne mjini Newcastle, zaidi ya kilomita 10 kutoka baharini, juu ya magari. Wengine wakubwa weupe, gannet, huanza kurudi kwenye majabali ya Bempton, Yorkshire, tangu Januari. Januari! Kwa kipimo cha gannet, gazeti la katikati ya Machi limechelewa sana.

Jina la ndege nalo lina kazi yake. Buabua, ndege wembamba weupe wenye kichwa cheusi wanaopiga mbizi kukamata samaki, wako wa aina kadhaa. Yule mkubwa anayeitwa buabua wa Sandwich huanza kufika pwani ya Uingereza Machi. Buabua wa Aktiki, bingwa wa safari ndefu ambaye huzaa kaskazini na kupitisha nusu nyingine ya mwaka kwenye bahari za ncha ya kusini, kwa kawaida hafiki kabla ya nusu ya pili ya Aprili. Ukisoma kwamba "buabua" kaonekana tarehe 18 Machi, uliza kwanza ni yupi. Akiwa wa aina ya kwanza ni jambo la kila mwaka. Akiwa wa pili, basi ama ni ajabu ama mtu kakosea, na mara nyingi mtu kakosea.

Nani alimwambia aondoke?

Wengi huamini kwamba ndege hufuata joto: kaskazini kukipata vuguvugu, ndege wanahisi na kuja. Imani hii ina mantiki, na haiwezekani. Mbayuwayu anayefika Norfolk tarehe 25 Machi aliondoka kusini mwa Afrika wiki kadhaa kabla, na alipokuwa huko hakuwa na njia yoyote ya kujua kama bwawa la Norfolk limeganda au limeyeyuka. Tena huko alikokuwa kiangazi kilikuwa kinakwisha na mchana ukizidi kufupika, kinyume kabisa cha kinachotokea kaskazini.

Kilichomwamsha ni kalenda iliyo ndani ya mwili wake. Mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wahamaji katika vyumba ambavyo joto na urefu wa mwanga havikubadilika mwaka mzima. Hata hivyo, msimu ulipofika, ndege wale walinenepa, wakabadilisha manyoya, na usiku wakawa hawatulii, wanapigapiga mabawa kama abiria anayechungulia dirishani kila dakika. Walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, ila mzunguko wao uliachiwa ujiendeshe ukawa pungufu kidogo ya miezi 12.

Fikiria mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka mingi. Mfungie chumba kisicho na dirisha, bado macho yake yatafunguka karibu na saa ile. Lakini baada ya siku nyingi atateleza, kwa kuwa saa ya mwilini haina usahihi wa kutosha, inahitaji jua la kuirekebisha. Kwa ndege mrekebishaji huyo ni urefu wa mchana. Kwenye pwani ya Norfolk mchana wa Desemba haufiki saa 8, na wa Juni unakaribia saa 17. Mabadiliko hayo hayayumbi. Joto la Machi laweza kudanganya, mwanga haudanganyi.

Hali ya hewa ina kazi yake, ila ni ya mwisho mwisho. Kalenda humpa ndege mwezi wa kusafiri. Upepo humpa siku. Wahamaji wanaopanda kupitia Hispania na Ufaransa hukwama wakikutana na mvua na upepo wa kaskazini, wakarundikana kama abiria wakati feri imeahirishwa. Upepo ukigeuka, maelfu huondoka usiku mmoja, na asubuhi yake pwani ya Uingereza inaamka na ndege kila kichaka. Kwa hiyo tarehe ya kuonekana kwao hueleza zaidi upepo wa Ufaransa wa usiku uliopita kuliko majira ya mahali walipoonekana.

Hilo ndilo linaloipa pwani sifa ya kuwaona kwanza. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Alfajiri ikiwakuta juu ya maji, nchi kavu ya kwanza ndiyo kimbilio, iwe na chakula au isiwe nacho. Ukiongeza ukungu na mvua, hushuka kwa pamoja wakiwa wamechoka kiasi kwamba hutua karibu na miguu ya watu. Spurn, ulimi mwembamba wa mchanga kwenye mdomo wa mto Humber, umejulikana kwa hilo kiasi kwamba kituo cha kuwatazama ndege kilianzishwa pale mwaka 1946. Mbayuwayu, anayesafiri mchana, naye hufuata ukingo wa maji kama dereva anayefuata barabara. Bara kunaweza kuwa na wengi vile vile, ila wametawanyika, pwani huwakusanya.

Je, aliyefika mapema kakosea? Amecheza kamari. Dume linalotangulia hupata mahali pazuri pa kiota, sawa na anayewahi ukumbini kuchagua kiti. Likikutwa na theluji, wadudu hutoweka na laweza kufa njaa. Miaka mingine waliotangulia hushinda, miaka mingine hushinda waliosubiri, na ndiyo maana kila kizazi kina wa kutangulia na wa kusubiri.

Walioambiwa wanalala matopeni

Ukiona watu wa leo wanachanganyikiwa, kumbuka wa jana walikuwa na taabu zaidi. Kwa karne nyingi Wazungu wengi wasomi waliamini kwamba mbayuwayu hahamii popote, bali hulala chini ya maziwa, ndani ya tope, hadi baridi ipite. Askofu Msweden Olaus Magnus aliandika mwaka 1555 kwamba wavuvi wa kaskazini huvua mbayuwayu walioshikamana pamoja kama donge. Usimcheke haraka. Mbayuwayu hukusanyika kwa maelfu kwenye matete ya maziwa kabla ya kuondoka, jioni wapo, asubuhi hawapo, na mara ya kwanza kuonekana tena ni juu ya maji hayo hayo, kwa kuwa ndiko wadudu wa kwanza huibukia. Ushahidi wote ulielekeza majini. Tatizo lilikuwa lile lile la picha ya Machi, kwamba mahali ndege anapoonekana si lazima pawe mahali alipotoka.

Mwaka 1822, karibu na Klütz, kwenye pwani ya Baltiki ya Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe akiwa na mkuki shingoni. Ulikuwa wa sentimita 80 hivi, na ulionekana ni wa Afrika. Ndege alikuwa amechomwa huko, akasafiri nao hadi Ujerumani. Korongo huyo bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 mwalimu Mdenmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Kisha mbayuwayu aliyevalishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, akakutwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ubishi wa tope ukaishia hapo.

Mkimbiaji wa kwanza

Sasa tufike penye fundo lenyewe. Tuseme mji una mbio kila mwaka. Mwaka wa kwanza wanakimbia watu 50, na wa kwanza anamaliza kwa dakika 40. Miaka kumi baadaye wanakimbia watu 5,000, na wa kwanza anamaliza kwa dakika 31. Je, watu wa mji huo wamekuwa na mbio zaidi? Huwezi kusema. Ukiongeza idadi ya wakimbiaji, yule wa mbele kabisa atakuwa na kasi zaidi hata kama mtu wa kawaida hajabadilika hata sekunde. Aliye mbele kabisa ni mtu wa pekee kwa asili yake, na wengi wakiongezeka, upekee wake huongezeka pia.

Ndege wa kwanza wa mwaka ni mkimbiaji huyo. Tena yeye ana mashaka mawili, kwa sababu idadi ya ndege hubadilika na idadi ya macho hubadilika. Zamani mtu aliyeona mbayuwayu tarehe 12 Machi aliandika kwenye daftari lake, na habari ikafia humo. Leo anaipeleka papo hapo kwenye eBird, mtandao wa kuandikia ndege walioonekana, ulioanza mwaka 2002, au BirdTrack ya Waingereza, iliyoanza 2004, na kufikia saa nne kila anayejali anajua. Watazamaji nao wana siku zao: Jumamosi na Jumapili huwa na taarifa nyingi kuliko Jumanne. Ndege hawajui Jumamosi.

Ndiyo maana wanaohesabu kwa makini hawamtegemei sana ndege wa kwanza. Huwaomba watazamaji waandike orodha kamili ya kila ndege waliyemtambua kwenye matembezi yao, hata wale wa kawaida wanaochosha. Kisha swali huwa jepesi: kati ya orodha 100 za wiki hii, mbayuwayu yumo katika ngapi? Mwanzoni mwa Aprili ni chache, kisha hupanda kwa kasi, na ifikapo Mei yumo karibu kila mahali. Tarehe ambayo mkondo huo unapanda ndiyo inayosema kundi limefika lini. Haivutii magazetini kwa kuwa haina picha, lakini watazamaji wakiongezeka maradufu haiyumbi sana.

Kuna rekodi ya zamani inayoonyesha thamani ya mtazamaji asiyebadilika. Robert Marsham, mwenye shamba wa Norfolk, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira ya kuchipua: jani la kwanza, chura wa kwanza, mbayuwayu wa kwanza, kekeo wa kwanza, dalili 27 kwa jumla. Familia yake iliendeleza hadi 1958. Nao walikuwa wakirekodi wa kwanza tu, na hilo ni udhaifu, lakini ilikuwa familia moja, mahali pamoja, kwa zaidi ya miaka 200. Idadi ya wakimbiaji, tuseme, haikupanda kutoka 50 hadi 5,000.

Na joto la dunia, je?

Hapa wengine huruka upande wa pili na kusema kwamba, kumbe, yote ni watazamaji kuongezeka tu. Hapana. Ukiondoa kasoro hizo zote, mabadiliko bado yapo. Mbayuwayu wa Uingereza sasa hufika wastani wa wiki mbili hivi mapema kuliko miaka ya 1960. Huo ni mwendo wa kundi zima katika miongo mingi, na hauthibitishwi wala haukanushwi na ndege mmoja wa tarehe 10 Machi. Vivyo hivyo theluji ya siku mbili baadaye haiupangui.

Walio na safari fupi hujirekebisha kwa urahisi zaidi. Ndege anayekaa baridi Ufaransa huonja hali ya hewa inayokaribiana na ya kwao, na akiona joto limeanza anaweza kuondoka. Aliye Afrika hana dalili hiyo. Watafiti Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha tatizo hilo Uholanzi mwaka 2001, kwa ndege mdogo mweusi na mweupe anayekamata wadudu, mwenye makazi ya baridi Afrika Magharibi. Majani yalikuwa yakichipua mapema zaidi, na viwavi wanaokula majani nao wakitangulia, lakini ndege aliendelea kufika kwa tarehe zake za kale, akijitahidi tu kutaga haraka baada ya kutua. Ni sawa na mgeni anayefika karamuni saa aliyoandikiwa kwenye kadi, akakuta wenyeji wameanza kula saa moja kabla. Kwa maoni yangu, kama kuna jambo la kutia hofu kwenye pwani hizi, ni huyu anayefika kwa wakati ule ule, ambaye hakuna gazeti linalomwandika.

Kila pwani na ndege wake

Watu wa pwani za kaskazini wenyewe hawakuwahi kumtegemea ndege mmoja. Visiwani Faroe humpokea tjaldur, ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu mwekundu, tarehe 12 Machi, na ndiye ndege wa taifa. Iceland husubiri lóa, ambaye hufika karibu na mwisho wa Machi, na vyombo vya habari hutangaza kila anapoonekana. Hakuna Mwaislandi anayevua koti siku hiyo. Theluji ikija baada ya lóa, watu hutingisha kichwa na kuendelea na kazi.

Wafini wana msemo wa kale unaoliweka jambo hili katika ngazi. Ukimsikia kipozamataza wa kwanza, husema, kiangazi kiko mwezi mmoja mbele. Ukimwona ndege mwingine mdogo anayeitwa peippo, nusu mwezi. Ukimwona kibwirosagi, siku chache. Na ukimwona mbayuwayu, hata siku moja haijabaki. Wakulima na wavuvi waliotunga maneno hayo hawakuwa na simu wala mkondo wa hesabu, lakini walijua kwamba majira huingia kwa foleni na kwamba kila ndege ana nafasi yake katika foleni hiyo.

Foleni yenyewe huwa ndefu kuliko habari zake. Kufikia mwisho wa Aprili, wheatear wa Machi wameshaingia bara na kuanza kujenga. Hapo ndipo wenzao wengine hutua kwenye matuta yale yale ya mchanga, wakubwa kidogo na wenye rangi ya chungwa iliyokolea kifuani. Hao wanaelekea Iceland, Greenland, na baadhi hadi kaskazini-mashariki mwa Kanada, na bado wana Atlantiki mbele yao. Hula siku mbili tatu, wananenepa, kisha usiku wenye upepo mzuri wanaondoka. Yule mtu wa Norfolk na mbwa wake huwapita kila asubuhi, simu ikiwa mfukoni.